Hakuna Aliyenijua

Kwa sura hakikuwa kitabu cha kuringia: kurasa arobaini na mbili zilizopigwa taipu, zikadurufiwa, zikabanwa kwa pini mbili. Lakini ndani yake yalikuwamo maisha ya Oliva, fundi cherehani wa Lizaboni, mtaa wa Songea, tangu alipozaliwa na watu wakasema ni mtoto wa kiume, hadi alipojikubali kuwa mwanamke. Jina alilobatizwa nalo halimo, na mimi silitaji. Aliyelibeba kwa tabu ameshalitua.

Aliyemtia moyo aandike ni mteja wake, Mwalimu Fausta, aliyehamishiwa Songea kutoka Tabora. Ulikuwa mwaka 1994. Magazeti ya watu binafsi yalikuwa yamechipuka kila kona, watu wakaona sasa hakuna jambo lisiloandikika. Oliva akajaza madaftari kwa miezi minane, Fausta akapiga taipu, na nakala thelathini zikapelekwa Dar es Salaam kwa kikundi cha wanawake walioahidi kuzisambaza. Mezani ikabaki moja. Hiyo ndiyo aliyoikuta Benigna, dada yake Oliva, alipokuja kutoka Namtumbo na debe la unga.

Benigna aliitikia shikamoo ya mdogo wake, na hata kabla ya kunywa maji akauliza, "Mimi nimo?"

"We soma tu, dada," Oliva alijibu.

Alijua hamo. Hilo ndilo lililomkosesha raha siku mbili nzima, Benigna akiwa mkekani kando ya cherehani, kidole chini ya mstari, midomo ikicheza. Alisoma polepole kwa sababu kusoma vizuri alijifunzia ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Na kwa nini ukubwani? Hapo ndipo penye aibu.

Oliva alipokuwa na miaka kumi na miwili na Benigna kumi na mitano, baba yao alikuwa na bani, kibanda cha kukaushia tumbaku. Msimu ukiisha bani lilikaa tupu. Humo Benigna alimvika mdogo wake gauni lake la kipaimara, akamsuka nywele, akamwambia, "Humu ndani wewe ni Oliva." Jina alilitoa yeye. Siku moja baba akafungua mlango. Benigna hakubabaika. "Nampimia pindo, baba," alisema. "Mimi ndiye niliyemlazimisha." Baba alimchapa mpaka fimbo ikavunjika, kisha akamwachisha shule, eti msichana wa namna ile anahitaji jembe, si daftari. Oliva alisimama pembeni, gauni mwilini, asiseme neno. Hakusema siku ile, wala kesho yake, wala asubuhi zote zile Benigna alipokuwa akimtazama akienda shule.

Sasa mambo hayo ungeyaandikaje? Oliva alijaribu mara tatu, na mara zote tatu akachana karatasi. Kumweka Benigna ndani ya bani kulikuwa ni kujiweka na yeye pale pembeni, kimya. Kwa hiyo akaandika: "Nilikuwa peke yangu. Nyumbani kwetu hakuna hata mtu mmoja aliyenijua. Jina langu nilijipa mwenyewe." Mwalimu Fausta alipofika hapo alitoa leso, akajifuta macho. Na Oliva, badala ya kuona haya, aliona raha. Ushujaa wa mtu unapendeza zaidi akiwa hana mwenzake.

Alasiri ya siku ya pili Benigna akamaliza ukurasa wa mwisho. Akazinyoosha karatasi kwa kiganja. Oliva akasimamisha cherehani. Maneno alikuwa nayo tayari: dada, nilidanganya, niliona aibu. Alisubiri tu alaumiwe kidogo, apate pa kuanzia.

Lawama haikuja. Benigna alikuwa analia.

"Mdogo wangu, nisamehe," alisema. "Mimi miaka yote hii nimekaa nikijua mle kwenye bani tulikuwa wawili. Kumbe mwenzangu ulikuwa peke yako."

"Dada..."

"Hapana, niache niseme. Imeandikwa, nimeisoma kwa macho yangu haya. Hata jina nilidhani nilikupa mimi. Mtu ukizeeka unaanza kujipa mambo ya wenzako. Nilikuwa karibu nawe na sikukuona. Nisamehe, Oliva."

Nafasi ya kusema ilikuwa hapo, tena pana. Maneno mawili matatu yangetosha kumrudishia dada yake bani, jina, fimbo na shule yake. Lakini nakala thelathini zilikuwa zimeshafika Dar es Salaam, na Fausta alikuwa ameshalia, na yule mtu shujaa wa kwenye karatasi, Oliva alikuwa amemzoea. Alimtazama mwanamke aliyemjua hata kabla hajajijua mwenyewe. Akamwonea huruma, huruma ya kweli kabisa, na pia akaogopa.

Akainuka, akapiga magoti mkekani, akamshika mikono yote miwili.

"Nimekusamehe, dada," akasema, na Benigna akamshukuru.