Mkono wa Kupokelea

Mambo ya chuo sikuyaona kwa macho. Aliniambia mjukuu wangu Mariam Poni, Ijumaa ya kwanza baada ya Idi, mwaka 1993, hapa Lobule, tukibangua karanga za mbegu. Alitoka Arua alfajiri juu ya lori la mihogo mpaka Koboko, kisha kwa miguu. Alifika ana vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Haboba," akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "nimeanguka."

Nikamtazama magoti. "Umeanguka wapi? Kwa lori?"

"Mtihani, Haboba."

Nikamsogezea mkeka na kikapu. Mtihani huo niliujua. Amandu, katibu wa ushirika wa tumbaku pale Koboko, alimwahidi kazi ya kuandika vitabu vya hesabu, ila alete cheti kabla ununuzi haujaanza. Kazi ya kiti na meza, chini ya mabati. Tangu baba yake alipopotea vitani mwaka 1979, nyumba yetu haijala kitu kisichotoka kwenye jembe.

"Hukusoma?"

"Nimesoma mpaka Nora amechoka na taa yangu." Nora ni msichana wa Sudan, wanalala chumba kimoja. "Hesabu yenyewe iko sawa. Jumla iko sawa. Pande ndiyo imegeuka."

Akachukua kijiti, akachora mstari mavumbini. Kitabu cha fedha, akasema, kina pande mbili. Kinachoingia kinaandikwa kushoto, kinachotoka kinaandikwa kulia. Basi, ni hivyo tu. Na yeye, karatasi nzima, kila kilichoingia amekiandika kulia.

Mwalimu wao, Enoch, aliinua karatasi ile mbele ya darasa. "Tazameni duka ya huyu! Ikiuza, inakuwa maskini. Mwizi akiingia, inakuwa tajiri!" Darasa zima likacheka. Hata Nora, walipokuwa wakirudi chumbani: "Poni, wewe wezi watagombania kukuoa."

"Kwani kanuni huijui?" nikamuuliza.

"Najua. Mdomo inajua. Nikishika kalamu, mkono inaona aibu. Kitu kinaingia kwako, Haboba, utakiweka kushoto namna gani?"

Nikaacha kubangua.

Huyu mtoto alizaliwa na mkono wa kushoto. Tulipokimbilia Sudan alikuwa na miaka mitano, na kila akipewa chakula aliupeleka huo. Watu wa kambini wakaniuliza, "Huyu mtoto wa nani, hana mwenyewe?" Nikachana leso yangu, nikaufunga mkono ule kiunoni mwake kuanzia mavuno mpaka mvua. Akipokea kitu kwa kushoto, nakirudisha. "Baraka inapokelewa kwa kulia," namwambia. "Hiyo nyingine ni ya chooni." Siku nyingine alilala na njaa. Akajifunza, na wanawake wenzangu wakanisifu.

"Wamekupa mara ya pili?"

"Jumatatu. Mara moja tu. Nikianguka tena, Amandu anachukua mtoto wa Lomoro. Yule cheti iko nayo tayari."

Nikachota karanga, nikamnyoshea. Akaleta mkono wa kulia. Nikazirudisha.

"Hapana. Kushoto."

"Haboba!" Akatazama njiani kama kuna mtu anapita. "Leo Ijumaa!"

"Ijumaa niliijua kabla yako. Kitabu hakioni haya. Leta kushoto."

Mkono ukatoka, ukafika nusu, ukarudi. Ulirudi kiunoni, palepale nilipokuwa naufunga.

"Si wewe uliyekosa, Poni. Ni mimi niliufunga."

"Nakumbuka," akasema. "Leso ilikuwa ya bluu. Ulifunga vizuri." Alisema bila hasira, na hapo ndipo paliponiuma.

Mara ya tatu akapokea. Karanga mbili zikaanguka. "Imeingia," nikamwambia, "andika." Akaandika kushoto kwenye daftari lake. Akanirudishia kwa kulia. "Imetoka." Akaandika kulia. Tukaendelea hivyo, karanga zilezile, ndani na nje, mpaka jirani akapita akauliza kama tumeanza duka la watu wawili. Poni akaficha mkono. Jirani alipokwenda, nikaudai tena.

Tulipozoea akaanza kwenda haraka, na hapo ndipo nilipoona. Nilinyosha karanga, akazipokea kwa kulia, akaziandika kulia, wala hakujua. Nikakohoa. Akatazama daftari, akafuta, akauma mdomo. Baadaye ikatokea tena. Nikakohoa tena.

Alasiri akachoka. Safari ile ya lori ilikuwa mwilini mwake bado. Akajinyosha kwenye mkeka, kichwa karibu na kikapu, maganda yamemshika kwenye nywele.

"Haboba."

"Naam."

"Jumatatu, ndani ya chumba ile, nani atakohoa?"

Nikaokota ganda moja, nikaliangalia. Nilitaka kumwambia Mungu yupo, lakini niliona hiyo si kazi ya kumtwika Mungu wakati fundo nililifunga mwenyewe. Nikatafuta neno lingine. Nilikuwa bado natafuta, na yeye amekwisha kulala, ameulalia mkono wa kushoto.