Kadi Niliyoitundika 214

Kabla ya kuning'oa jino, mgeni wa 214 aliniomba taulo mbili, tena kwa adabu.

"Samahani kwa usumbufu, dada," alisema kupitia upenyo wa mlango, mnyororo ukiwa bado umefungwa kwa ndani. "Taulo mbili tu. Chumba kiache kilivyo. Si unaiona kadi?"

Kadi nilikuwa naiona. Ilining'inia kwenye kitasa, ya kijani, imechorwa jani, na chini yake maandishi: Leo chumba changu kisisafishwe. Niliijua kuliko alivyodhani. Niliitundika mimi mwenyewe, Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Ghorofa ya pili tulikuwa wasafishaji wanne, vyumba kumi na nane kwa kila mtu. Ukitaka kukisafisha chumba kiungwana, kubadilisha shuka, kusugua bafu, kufuta vumbi mpaka nyuma ya pazia, kinakula nusu saa. Piga hesabu uone kama siku ya kazi inatosha, na bado hujaenda msalani. Kwa hiyo tulikuwa na ujanja wetu, tuliuita kulaza chumba. Mgeni akishatoka, unanyoosha kitanda juu juu, unatundika kadi ya jani mlangoni, unapita zako. Bi Kengele, msimamizi wetu, akipita saa sita kuhesabu kadi, anaandika kwamba mgeni amekataa usafi. Saa kumi, kabla ya kuvua sare, aliyelaza anarudi kuamsha, yaani kuondoa kadi. Mgeni akirudi jioni hajui kitu.

Tatizo ni kwamba mwezi ule hesabu ya Bi Kengele ilikuwa inakwenda kwa meneja. Meneja alitaka kujua kama wageni wanahitaji usafi kila siku, au wanaona tunawasumbua. Alikuwa ameweka na fomu vyumbani, swali moja, visanduku viwili, Ndiyo na Hapana, na mstari wa maoni. Kadi zikizidi, wawili kati yetu tungeenda nyumbani. Tulilijua hilo, na bado tuliendelea kulaza, maana mgongo hauumi mwezi ujao, unauma leo.

Jumatatu nilikuwa na mtihani wa masomo ya jioni. Nilitakiwa kwanza nimpitishe binti yangu, Kifaranga, kwa mama yangu, kisha nikimbilie darasani. Wageni wa 214, mume na mke, walikuwa wametoka kwenda kula. Nikakilaza. Saa kumi nikakimbia, na kadi nikaisahau.

Jumanne niliikuta pale pale. Nikajiambia wenyewe wameipenda. Nikaisukuma troli yangu, lile gurudumu lake bovu likilia kama paka aliyekanyagwa, nikapita. Nilifurahi, chumba kimoja kimepungua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, ile furaha.

Sasa alikuwa amesimama mbele yangu, shati limepigwa pasi, ngozi ya vifundo vya mkono wa kulia imechubuka. Nyuma yake niliona godoro tupu, halina shuka. Pembeni ya kitanda, sakafuni, niliona mguu wa mtu. Mguu wa kike, umevimba kwenye kifundo, vidole vimejikunja.

"Mama hajambo?" niliuliza.

"Amelala."

"Sakafuni?"

Akatabasamu. "Mgongo unamsumbua. Chukua na hizi chafu." Akanipitishia mfuko wa nguo chafu, akapokea taulo zake, akafunga.

Nilikwenda na mfuko mpaka stoo ya shuka. Chuma alikuwa humo anahesabu foronya. Tulimwita Chuma kwa sababu godoro la watu wawili hulipindua peke yake, na akimaliza anauliza kama kuna jingine.

"Vipi, mwalimu?" Ananiita mwalimu tangu nianze shule ya jioni. "Umepauka kama shuka la ghorofa ya wakubwa."

Nilimwaga mfuko mezani. Taulo zilikuwa zimefuliwa, zimekamuliwa, na zina madoa makubwa ya kahawia. Chuma aliacha utani. Akaigusa moja, akainusa.

"Damu," alisema. "Tena imeoshwa kwa maji ya moto. Mjinga. Damu unaipa maji baridi. Ukiimwagia ya moto umeipika, haitoki tena." Akanitazama. "Hii nyingi, shoga."

Chini ya taulo kulikuwa na mkeka wa bafuni, umekunjwa mara nne, kingo zimelingana. Mgeni hakunji mkeka mchafu. Miaka mitatu nimefanya kazi ile, sijawahi kumwona hata mmoja. Nikaukunjua. Ndani ilikuwemo ile fomu ya meneja. Kisanduku cha Ndiyo kilikuwa kimewekwa alama juu ya alama mpaka karatasi ikatoboka. Kwenye mstari wa maoni, kwa mwandiko unaotetemeka: Njooni. Tafadhali njooni kila siku.

Basi. Hakuandika zaidi, nadhani kwa kuogopa isisomwe na asiyetakiwa. Mimi ilinitosha. Niliikunja, nikaitia mfukoni.

Nilimpigia Bi Kengele kwa simu ya stoo. Sauti yake ilijaa chumba kizima.

"Kadi iko mlangoni?"

"Ipo, lakini..."

"Kadi ni kadi! Mgeni amesema hataki kuguswa. Ukimgongea tena, barua yako utaikuta mezani. Meneja yuko kwenye kikao, anasoma hizo hizo hesabu za kadi. Unataka niingie nimwambie nini, kwamba umeona taulo chafu? Hoteli ni taulo chafu!"

Akakata. Na kabla sijarudisha simu mahali pake, ukuta wa stoo ulitikisika. 214 ilikuwa upande wa pili. Kitu kizito kilipigwa ukutani, kikapigwa tena, kisha sauti ya mwanamke, fupi, kama mtu aliyekatwa katikati ya neno.

"Piga mapokezi, waite walinzi," nilimwambia Chuma. "Wakikuuliza kadi, sema hakuna kadi."

"Na wewe?"

"Mimi nakwenda kuamsha chumba."

Niliishika troli kwa mikono miwili. Ikijaa shuka, sabuni na ndoo ya maji, kitu kile kina uzito wa ndama. Nikaing'oa kadi kitasani, nikaitia mfukoni, nikagonga.

"Nini tena?"

"Maji, baba! Bafu lenu linavuja, chumba cha chini kinadondokewa! Dari itaanguka, funguo fundi anazo, yuko njiani!"

Mgeni anaweza kukataa shuka safi, sabuni, hata mama yake mzazi. Maji hayakatai. Nilisikia mnyororo ukitoka. Mlango ulipofunguka kiasi cha kiganja, niliisukuma troli kwa nguvu zangu zote, mlango ukampiga usoni, akarudi nyuma akipepesuka, na mimi na troli tukaingia kama gari lisilo na breki.

Yule dada, mke wake, alikuwa kati ya kitanda na ukuta. Shuka lilikuwa limefungwa kwenye vifundo vya mikono yake, fundo kubwa. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, na mdomo umepasuka mpaka kidevuni. Ukutani, juu ya kichwa chake, palikuwa na alama mbichi ya damu.

Sikupata muda wa kusema neno. Mume alinidaka kilemba na nywele zilizo ndani yake, akanivuta, akanigonga kwenye mwimo wa mlango wa bafu. Niliona weupe. Akanigonga tena, na hapo ndipo jino langu la pembeni lilipotoka. Nililisikia likigusa vigae, tik, kama kifungo kimedondoka. Damu ikanijaa mdomoni, ya moto.

"Nani kakutuma?" alikuwa anauliza kwa sauti ya chini, ile ile ya adabu. "Nani kakutuma, wewe mfagiaji?"

Akanikaba. Vidole gumba vyake vilikuwa kooni mwangu na uso wake karibu na wangu, na nilimwona Kifaranga amesimama mlangoni kwa mama yangu na begi lake mgongoni, akiniuliza mbona nimechelewa. Mkono wangu ulipapasa kwenye troli. Chupa ya kwanza ilikuwa ya kung'arisha vioo. Nikaiacha. Ya pili ilikuwa ya dawa ya choo, ile tunayoivalia glavu. Nikampulizia machoni, mara moja, mbili, tatu, mpaka kidole kikaniuma.

Alilia kama mnyama. Aliniachia, akaanza kurusha ngumi hewani, akavunja taa ya mezani, akavunja kioo cha kabati, mkono wake ukachanika naye hakujali. Ngumi moja ikanipata ubavuni, nikaanguka juu ya ndoo. Maji yakasambaa. Nilikuwa najaribu kuinuka nikaona kitu cheupe kinaruka juu yangu.

Alikuwa Chuma na blanketi zito la msimu wa baridi. Alimfunika nalo kichwa, akamzungushia mikono, akampindua kama anavyopindua godoro, akamlaza kifudifudi kwenye maji, na kumkalia.

"Kuna jingine?" alihema.

Mume bado alikuwa anafurukuta chini ya blanketi. Nilitambaa hadi kwa yule dada, nikalifungua fundo kwa meno niliyobaki nayo. Mikono ilipokuwa huru hakunishika mimi. Aliichukua pasi iliyokuwa chini ya meza, akasimama kwa mguu mmoja, akaishusha kwenye goti la mumewe. Tulisikia lilivyofanya. Akainua tena, safari hii juu ya mahali palipokuwa na kichwa.

Nilimkumbatia kwa nyuma, mikono na pasi vyote pamoja. Alikuwa mwepesi, kama nimembeba Kifaranga.

"Yatosha, mama. Yatosha. Nimekuja."

Vidole vyake vikalegea, pasi ikaanguka. Akageuza shingo anitazame kwa jicho lake moja.

"Mbona hamkuja?" aliuliza. "Jana nilisikia troli yako. Lile gurudumu. Lilifika mlangoni, likapita. Alikuwa ameniziba mdomo, akaniambia, unaona, hata wao hawakutaki."

Damu ilikuwa inanichuruzika kidevuni na kumdondokea begani.

Walinzi walifika, kisha askari, kisha meneja na karatasi zake bado mkononi, na Bi Kengele nyuma yake, kimya kwa mara ya kwanza. Mume alikuwa amekalishwa korido, macho mekundu, goti limefungwa taulo letu. Adabu yake ilikuwa imemrudia.

"Mke wangu ana maradhi ya akili," alimweleza askari mkubwa. "Anajiumiza. Nilimfunga asijidhuru zaidi. Yeye mwenyewe ndiye aliyetundika kadi Jumatatu, asitake kuonwa na mtu. Waulize. Iko kwenye hesabu yao."

Askari alimgeukia meneja. Meneja alipekua karatasi. "Ni kweli," alisema polepole. "Jumatatu 214 wamekataa usafi. Jumanne pia."

Niliona yule dada anavyosinyaa, anavyoanza kuondoka akiwa amekaa pale pale. Kazi yangu ilikuwa kwenye karatasi ile. Kodi ya chumba, ada ya shule ya jioni, maziwa ya Kifaranga. Niliingiza mkono mfukoni, nikatoa kadi. Ilikuwa imelowa.

"Niliitundika mimi," nilisema. Kwa pengo jipya maneno yalitoka na upepo. "Jumatatu saa tano. Wote wawili walikuwa wametoka kwenda kula, waulizeni wa mgahawani. Nilitaka kuwahi mtihani. Huyu dada hakukataa chochote. Alichotaka ni hiki hapa." Nikampa askari fomu.

Askari aliishika ile fomu kwenye mwanga, na mwanga ukapita kwenye tundu la Ndiyo.

"Umejifukuza kazi," alinong'ona Bi Kengele.

"Basi andika na mimi," alisema Chuma. "209, 211 na 218. Leo hii hii. Nimevilaza."

"Na mimi 223," alisema mwenzetu mwingine kutoka mlango wa ngazi. Wa nne akainua mkono tu.

Meneja alizitazama karatasi zake kama mtu aliyeambiwa nyumba aliyonunua haipo. "Kwa hiyo wageni wanataka usafi wa kila siku au hawataki?"

"Bosi, hatujui," alisema Chuma, akikamua sketi yake. "Hakuna aliyewahi kuwauliza."

Mume aliondolewa akiwa na pingu. Yule dada aliondoka kwa gari la wagonjwa, na kabla mlango haujafungwa alinishika kidole kimoja, akakibana, akakiachia. Sijui kama ni msamaha. Sijamwomba aniambie.

Sikufukuzwa. Nilisimamishwa wiki mbili bila mshahara, nikazitumia kunywa uji kwa upande mmoja wa mdomo na kumfundisha Kifaranga kuhesabu meno yangu. Mtihani nilifaulu. Niliporudi, vyumba vilikuwa kumi na vinne kwa kila mtu, na meneja alikuwa anapita milangoni mwenyewe na fomu zake, anasubiri kuitikiwa.

Kadi za jani bado zipo. Mgeni akitaka kulala, alale. Lakini siku hizi, kadi iwepo isiwepo, nagonga. Wengine wananitukana, mmoja alinirushia kiatu.

"Samahani, baba," huwa nasema. "Sitaki kuingia. Nataka tu kila aliyemo anijibu kwa sauti yake mwenyewe."

Nasimama na troli yangu mpaka niisikie sauti ya pili. Lile gurudumu, fundi alitaka kulitia mafuta. Nilimkatalia.