Nakala ya Mrufani

Imaculata aliingia chumba cha uchapaji na rimu ya karatasi kichwani. Alikuwa ameifunga kwa nailoni, kisha kwa kanga, maana kutoka Namtumbo alipanda juu ya lori la mahindi na mvua haikumwonea huruma. Nguo zilimganda mwilini. Alipoifungua mezani, karatasi zilikuwa kavu.

"Shikamoo, mama," alisema Aurelia, mchapaji wa mahakama.

"Marahaba, mwanangu. Nimeileta. Mlisema serikali haina karatasi."

Aliyesema hivyo ni Ramson, karani mkuu. Mahakama ilikuwa imepewa kompyuta moja na wafadhili, lakini karatasi hazikuwemo kwenye msaada. Miaka hiyo kila kitu kilikuwa cha kuchangia.

Dastan, mtoto wa Imaculata, alikuwa mlinzi wa ghala la kampuni iliyoanza kununua tumbaku baada ya ushirika kufa. Marobota yalipotea zamu yake, akafungwa. Alikata rufaa, ila mahakama ya juu haikupokea mwandiko wa mkono. Ilitaka mwenendo wote wa kesi uchapwe. Mashahidi walisema kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza, kwa herufi zilizolala kama majani yaliyopitiwa na ng'ombe. Kati ya wachapaji watatu wa zamani, wawili walipunguzwa kazi kompyuta ilipoingia. Aurelia ndiye aliyebaki wa kuusoma mwandiko ule.

"Itachukua muda?" aliuliza Imaculata.

"Hapana, mama. Wiki hii nitaanza."

Alisema kweli. Alikuwa hata ameshalifungua faili, Ramson alipoingia na lingine, la mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akigombania kiwanja mtaa wa Lizaboni.

"Anza na hili."

"Karatasi, bosi, zimebaki za yule mama wa Namtumbo."

"Karatasi zina jina?"

Aurelia alichapa kesi ya kiwanja, na printa ikazitafuna karatasi za Imaculata moja moja hadi likabaki ganda la rimu. Alilikunja, akalitia kwenye pipa la taka, kisha akaweka karatasi nyingine zilizochakaa juu yake.

Mvua zilipokwisha, Imaculata alirudi. Safari hii alileta karanga mbichi, zikiwa bado na udongo.

"Bado, mama," Aurelia alisema. "Kompyuta moja, watu wengi."

"Najua, mwanangu. Mashine haina kosa." Alikaa kwenye ukingo wa benchi kama mtu anayeogopa kulichafua. "Jumapili nilikwenda kumwona. Anakohoa, amekonda. Anauliza andiko lake limefika wapi. Nikamwambia yuko dada mmoja pale anakuhangaikia."

Zile karanga Aurelia alizichemsha nyumbani, watoto wake wakala. Yeye hakuweza.

Siku iliyofuata, Ramson alipotoka kwenda kula, Aurelia alifunga mlango na kulitoa faili la Dastan. Akawa anachapa hivyo kila mchana, kwa haraka, akilifumbua neno moja moja. Shahidi wa kwanza, wa pili, askari aliyemkamata. Alikuwa amefika kwenye utetezi wa Dastan mwenyewe mlango ulipofunguliwa. Ramson aliegemea kiti cha Aurelia, akasoma kwenye kioo cha kompyuta.

"Hili nani kakupangia?"

"Hakuna, bosi. Nilitumia muda wangu wa chakula."

"Futa."

"Zimebaki kurasa chache tu. Kijana mwenyewe anaumwa."

Ramson alivuta kiti, akakaa. Hakupandisha sauti. "Aurelia, watu wakiona faili linatoka hivi hivi, bila kupita kwangu, kesho nani atakuja kuniona? Kunegunda yuko wapi siku hizi?"

"Stendi. Anauza vitumbua."

"Naye alijua kuchapa. Tena vizuri."

Kunegunda, mmoja wa wale wawili waliopunguzwa, alikaa naye meza moja kwa miaka mingi. Mara ya mwisho walipokutana, alikuwa ameungua mkono na mafuta, na mwanawe mkubwa alikuwa ameacha shule. Aurelia aliutazama mkono wake mwenyewe juu ya vibonye. Kidole kilishuka. Maneno ya Dastan yakaondoka kwenye kioo, na baada yake ya askari, na ya mashahidi. Mashine ya taipu ingeacha angalau karatasi ya kuchana. Hii haikuacha kitu.

"Haya," alisema Ramson, akimpigapiga begani. "Kula kwanza. Usijiumize tumbo."

Imaculata alikuja tena kiangazi, amevaa nguo nyeusi. Hakukaa. Alisimama mlangoni, mikono ameikunja kifuani.

"Sikuja kukusumbua, mwanangu. Nimekuja kukuambia usihangaike tena. Dastan tumemzika Jumanne. Ni kile kifua."

Aurelia alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake.

"Padri kasema tusiwasahau waliotusaidia," Imaculata aliendelea. "Nami nikasema nitapita hapa. Umejitahidi. Mungu ameona."

Palikuwa na jambo la kusema. Lilimfika Aurelia mdomoni, zima, na jina la Ramson ndani yake na jina lake pia. Chumba cha pili karani mkuu alikuwa anacheka na mtu.

"Pole, mama," alisema.

"Nimeshapoa." Mwanamke akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akautingisha, akaenda zake.

Mwezi haujaisha, barua ikaja kwamba jaji atapita kukagua mafaili yaliyolala. Ghafla karatasi zikawepo, maboksi kwa maboksi, yamepangwa hadi dirishani. Ramson alileta faili akiwa amekunja mikono ya shati.

"Tuanze na la zamani kuliko yote."

Aurelia alilitambua kabla ya kusoma jalada. "Mwenyewe amefariki, bosi."

"Faili halijafariki. Chapa."

Alianza asubuhi. Umeme haukukatika, hakuna aliyemwita, hakuna faili jingine lililowekwa juu yake. Aliandika kwamba mshitakiwa alisema alikuwa na homa usiku ule, kwamba aliomba ruhusa akanyimwa, kwamba funguo hakuwa nazo. Kengele ya shule ya jirani ilipolia mchana, alikuwa amemaliza.

Ramson alizipima nakala mkononi, akafunuafunua. "Safi. Hakuna hata kosa. Hii ya mahakama ya juu, hii ya upande wa serikali, hii ya mrufani."

"Ya mrufani naipeleka wapi?"

"Mapokezi, kama zote. Akija atasaini." Alikwishageuka kuchukua faili la pili.

Aurelia aliipeleka. Ilikuwa bado na joto la printa. Msichana wa mapokezi alisoma jina, akatazama benchi lililojaa watu, akaliita jina kwa sauti. Akaliita tena. Kisha akachukua penseli, akaandika kwenye kona ya juu: Anasubiriwa.