Cheti cha Kutoolewa

Nimezeeka katika uwakili, nikigawa nyumba na maduka ya watu wa Gisenyi, Rwanda, na bado kuna kesi zinazonipandisha hasira. Ya Kaltumu ni mojawapo.

Yeye na Hajji Habib walifunga ndoa msikitini. Hawakujaliwa mtoto. Walijenga duka la vitenge karibu na mpaka, lakini hati ikaandikwa jina la Habib peke yake. Kwa serikali, ndoa isiyofungwa kwenye ofisi ya sekta, ile ya serikali ya eneo, si ndoa. Habib alipougua figo nilimwambia Kaltumu wazi: akifa kabla hamjaapa ndoa mbele ya afisa wa sekta, duka ni la Mudathiru, mwanawe kwa marehemu mke wa kwanza. Mudathiru alikuwa ameshatafuta mnunuzi.

Habib akakubali kuapa, na afisa wa sekta akakubali kuja nyumbani. Kilibaki cheti ambacho afisa alikidai kabla ya kiapo, kwamba Kaltumu hajaolewa. Tukaenda kwa Evode, mkuu wa mtaa.

"Mama Kaltumu, we ni bibi ya Hajji, mutaa yote inajua," Evode akasema. "Niandike kama hauna bwana? Siwezi kukutukana vile."

"Ni ya sheria tu, Evode," nikamwambia.

"Maître Illuminée, Imana, Mungu wetu, iko inaona."

Kaltumu akavuta mtandio usoni. Aliona haya, na nadhani alifurahi kidogo. "Tumuache, Maître. Anasema kweli."

Heshima gani hiyo, ya kumvisha mtu kanga huku unambomolea nyumba? Nilirudi kwa Evode tena na tena. Mara yuko umuganda, kwenye kazi za jamii, mara mkutanoni. Ijumaa Habib akafa, akazikwa alasiri.

Arobaini haijafika, Kaltumu akaja ofisini na barua ya kumtoa dukani. Mudathiru alikuwa ameambatisha uthibitisho kwamba marehemu hakuacha mke. Chini yake, sahihi na muhuri wa Evode.

Nikampigia Evode simu, sauti ikisikika ofisi nzima. "Si ulisema ni matusi!"

"Maître, ile siku bwana yake alikuwa muzima, ningemuvunjia heshima. Sasa Hajji iko mu kaburi. Mudathiru aliniuliza kama kuna ndoa ya sekta. Bon, hakuna."

Nikakata simu. Nikamwambia Kaltumu tutakwenda mahakamani kudai jasho lake, ingawa moyoni nilijua ugumu wake. Alikuwa akiilainisha ile karatasi juu ya goti.

"Si ndiyo hii tulikuwa tunatafuta, Maître?" akasema. "Wamenipa."