Gonga Mara Mbili

Msumari wa kwanza karibu na mlango ulikuwa wake kwa miaka kumi na mmoja. Hapakuandikwa jina, lakini kila mfanyakazi wa kituo alijua kwamba pale hutundikwa kofia ya Twagirayezu, na aliyethubutu kuweka yake aliikuta sakafuni. Jumatatu hiyo alikuta kofia nyeupe imening'inia juu yake, mpya, bado ina nailoni ukingoni. Aliitazama, kisha akaenda kutundika ya kwake, ya njano iliyopauka, kwenye msumari wa sita kando ya ufagio.

Kofia nyeupe ni ya mkuu wa kituo, na mkuu mpya alikuwa Reine, binti wa kisiwani Nkombo, mwenye miaka ishirini na minane. Miaka mitatu nyuma Twagirayezu ndiye aliyemwonyesha hata namna ya kushika spana. Uteuzi wa Reine ulipotangazwa, Twagirayezu alipiga makofi kuliko wote, na makofi yake ndiyo yaliyokuwa ya mwisho kunyamaza. Mwenye wivu hujichunga sana asionekane. Moyoni alikuwa anaungua, na hakuwa na wa kumwambia.

Kituo chenyewe kiko chini ya mlima, ukingoni mwa ziwa, mwendo mfupi kutoka Cyangugu. Gesi inayotolewa kilindini huletwa pale kwa bomba ikiwa nyonge, haina nguvu ya kufika popote. Kompresa huipokea, huibana, na gesi ikibanwa hupata joto kama mtu aliyeudhiwa. Basi hupitishwa kwenye feni ipoe, ibanwe tena, ipozwe tena, hadi mara nne, ndipo iingie kwenye mitungi ya malori yanayoteremka Bugarama kwenye tanuri za saruji. Yote hayo yameandikwa vitabuni, na Reine aliyajua kwa ufasaha ulioudhi.

Lakini gesi ya ziwa haiji peke yake, huja na maji. Kabla ya kompresa kuna pipa la chuma la kuyakamata maji hayo: gesi hupita juu, maji hubaki chini, na mshale ubavuni huonyesha yamefika wapi. Gesi hukubali kubanwa, maji hayakubali. Yakiingia kwenye pistoni, chuma hupasuka, na vipande havichagui wa kumpiga. Na mshale ule ulikuwa mwongo. Tope la ziwa huganda kwenye kielea, boya dogo linalopanda na maji na kuusogeza, nao hukaa chini umetulia huku pipa linajaa. Kengele ya hatari nayo hutegemea kielea hicho hicho. Dawa yake ilikuwa kuligonga pipa mara mbili kwa mpini wa spana, ko, ko, mshale ukaruka kwenye kweli yake.

Jambo hilo halikuandikwa popote. Lilikabidhiwa kwa kinywa. Desturi ya kituo ilikuwa hivi: anayetoka zamu na anayeingia huweka viganja juu ya bomba kubwa, na anayetoka husema yale yasiyo kwenye daftari. Twagirayezu alikuwa amemwambia Nshimiyimana, anayempokea kila siku saa nane mchana. Reine hakuwahi kushika zamu ya kompresa peke yake, hivyo hakuwahi kuambiwa.

Saa nane siku hiyo aliyeingia alikuwa Reine.

"Nshimiyimana amefiwa, ameenda Nzahaha," alisema. "Zamu yake, miye njo nitaishika." Akaweka kiganja juu ya bomba, akauliza, akimwita kama vijana wa kule wanavyowaita wazee: "Kuko kitu ingine ya kujua, Papa?"

Twagirayezu aliitazama kofia nyeupe. Maneno mawili tu yalimjia mdomoni, *gonga mbili*, akayameza.

"Hapana. Yote iko sawa."

Alipanda mlima kwenda kwake akijiambia kwamba hakuna litakalotokea. Mashine itakohoa kidogo, itasimama, wakubwa watauliza maswali. Aibu ndogo tu, ya kumfundisha adabu. Kila hatua ilimwongezea sababu nyingine, na hakuna hata moja iliyompa raha.

Mkewe, Concessa, alimpakulia ugali na sambaza, dagaa wa ziwani. "Jana nilikutana na ule mutoto wa Nkombo pa soko," alisema. "Alinibebea kapu mpaka kwa barabara. Unajua alisema nini? 'Maman, mambo ya mashini, bwana yako njo alinifundisha yote.'"

"Anajua kusema."

"Weye, chakula iko inapoa."

Hakula. Kutoka uani mlio wa kompresa husikika vizuri, na kwa miaka yote alikuwa amezoea kupata usingizi wa mchana juu ya mdundo huo. Safari hii aliketi kwenye kigoda akiusikiliza. Sababu zote alizozikusanya njiani zilikwisha mara alipokumbuka kitu kimoja: Reine hupenda kusimama karibu na silinda ya kwanza, mlimo na pistoni, kiganja juu ya chuma, aisikie mashine inavyopumua. Hilo halikutoka kitabuni. Yeye ndiye aliyemfundisha.

Ilikaribia saa kumi alipousikia chini ya mdundo mgongano mdogo, kama jiwe ndani ya sufuria. Kupiga simu hakungefaa. Simu zote hufungiwa sandukuni langoni, kwa kuwa cheche na gesi havikai nyumba moja. Twagirayezu alitoka mbio na kandambili. Moja ilibaki kwenye mtaro wa barabara, naye hakugeuka.

Aliingia bila kofia. Reine alikuwa palepale alipomwona akilini, mkono juu ya silinda, uso umekunjamana akijaribu kuelewa. Twagirayezu alimvuta kwa bega akapiga kitufe chekundu kwa ngumi. Kompresa ikakohoa, ikatetema, ikanyamaza. Nzima.

Harerimana, fundi wa kujaza malori, alikuja mbio. Reine akamgeukia.

"Huyu papa ameniokoa," alimwambia. "Miye niko karibu kabisa na sikuelewa kitu. Yeye amesikia toka kwake, kule juu. Nitaandika kwa rapoti, na jina yake itakuwa ya kwanza."

Harerimana alimshika Twagirayezu mkono kwa mikono miwili, kama anavyoshikwa mzee wa heshima. Heshima hiyo ndiyo aliyokuwa ameililia tangu asubuhi. Sasa alitamani mkono wake uachwe. Na hata hapo, wivu haukumwachia: alimwonea binti yule kijicho kwa wepesi wake wa kushukuru.

Reine alikuwa ameinama penye pipa. "Lakini mushale uko chini," alisema taratibu. "Kama ni maji, iko wapi?"

Angeweza kusema mshale umeharibika leo. Wangemwamini, na rapoti ingekwenda na jina lake juu. Twagirayezu aliokota spana mezani, akagonga. Ko, ko. Mshale uliruka mpaka kwenye rangi nyekundu, na kengele ikaanza kulia wakati haina tena wa kumwonya.

Reine aliizima. Alimtuma Harerimana kufungua vali ya maji, akangoja mpaka hatua zake zilipofika mbali.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Mwaka ya kwanza."

Reine alimtazama, kisha akautazama mguu wake mmoja usio na kandambili, wenye vumbi na damu kidogo kidoleni. Hakupandisha sauti. Alikwenda kwenye bomba kubwa, akaweka kiganja juu yake.

"Leta mukono, Papa. Nikabidhi zamu."

Twagirayezu akaweka chake kando ya cha Reine. Bomba halikuwa na mtetemo wowote.

"Kuko kitu ingine ya kujua?" Reine aliuliza, kwa sauti ileile ya saa nane.

"Kuko," alisema Twagirayezu, na hakujua aanzie wapi.