Vioo Sitini

Tak. Tak. Tak-tak. Fundi simu aliisikia sauti ile tangu mwisho wa ukumbi, kavu, yenye subira, kama mtu anayebangua njugu moja moja bila haraka ya kula. Alisukuma mlango wa maabara. Dada yake alikuwa ameinamia kioo chembamba chini ya hadubini, kidole gumba kikibonyeza kihesabio: kila mbegu ya panya dume iliyoogelea, tak.

"Ukikanyaga tena kwa kishindo naanza upya kioo hiki," alisema bila kuinua kichwa.

"Nimetembea kama paka, dada."

"Paka mwenye viatu vya askari."

Fundi alicheka. Simu zilizowashwa kando ya vizimba vya panya alizifunga yeye, na kila wiki alikuja kuzikagua. Baadhi ya panya walinyweshwa maji ya majani yenye antioksidanti, ile kinga ambayo mmea hujitengenezea dhidi ya ukali wa jua. Dada alitaka kujua kama kinga hiyo ingezifaa mbegu za mnyama anayekaa na simu. Fundi naye alitaka kujua, na kwa uchungu zaidi. Miaka saba alikuwa ametembea na simu za wateja mifukoni mwa suruali. Mwezi uliopita daktari alimwambia mbegu zake ni chache. Kama sababu ni simu au la, daktari hakuthubutu kusema. Nyumbani mkewe aliendelea kujilaumu na kumeza dawa, naye fundi aliendelea kumtazama akimeza. Majani yakifaulu, aliwaza, nitapona kimyakimya.

Dada hakuwahi kuingia chumba cha panya. Vioo vyake sitini vilikuwa na namba tu, jicho lisije likaona linachotamani.

"Namba kumi na saba amechangamka huyu," alinong'ona.

"Kumi na saba? Si wa kizimba cha dirishani! Kuanzia kumi na tano hadi thelathini wote wanakunywa majani. Nilijua tu!"

Kidole gumba kilisimama.

Dada aliinuka taratibu, akafungua daftari, akapiga mstari mwekundu juu ya hesabu za wiki sita. Chini yake akaandika: *Mhesabuji amejua vizimba vya majani.*

"Dada, unafanya nini?"

"Vioo vitabandikwa namba mpya, na mtu mwingine atahesabu. Mimi sifai tena."

"Keshokutwa unasoma matokeo mbele ya wakubwa!"

"Nitawasomea mstari huu."

"Nani atajua? Tumo wawili tu humu."

"Ndiyo," alisema dada. "Wawili."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alikifuta kioo kwa kitambaa, polepole, kama anayemfuta mtoto uso, kisha akakirudisha kwenye sanduku. Fundi, ambaye aliweza kuwaka kwa neno moja la mteja, alisimama pale akiona haya. Alikuwa amemzoea dada huyu tangu utotoni, akamtania, akamwita mbishi. Leo alimwona mrefu kuliko mlango.

Alipofika nyumbani, mkewe alikuwa ameshika glasi ya maji, vidonge viwili kiganjani.

"Usimeze."

"Kwa nini? Nimebakiza dozi mbili, mume wangu."

"Si wewe. Nilipimwa mwezi uliopita. Ni mimi. Nilijua, nikanyamaza."

Mkewe aliketi ukingoni mwa kiti. "Mwezi mzima?"

"Mwezi mzima."

Aliiweka glasi mezani, vidonge vikamdondoka. "Na majani ya wifi?"

"Hayajulikani bado. Leo nimemharibia hesabu zote kwa mdomo wangu."

"Huo mdomo!" Alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. "Unasema pa kunyamaza, unanyamaza pa kusema."

 Fundi alipiga magoti sakafuni, akaviokota vidonge, akaviweka mezani.

"Jumatatu tunakwenda kwa daktari sote wawili," alisema. "Nitaingia mimi kwanza, nawe ukiwa kando yangu. Atakachosema, kitamu au kichungu, utakisikia saa ileile nitakayokisikia mimi. Nakuahidi."