Kumshikia Mama Pazia

Bodi ya lile jumba la maigizo ilikuwa ya watu wa kujitolea, na kujitolea kwenyewe kulikuwa kwa kweli: mtu alikuja na chai yake kwenye chupa, na koti lake, maana ukumbi ule hauna madirisha na hata mchana wa jua kali una ubaridi wa ghalani. Walikutana Jumamosi, juu ya jukwaa lenyewe, kuzunguka meza ya chakula iliyobaki kwenye mchezo fulani wa zamani. Viti havikufanana hata viwili. Mwenyekiti, wakili mstaafu ambaye wote walimwita Hoja kwa sababu hakuweza kuomba hata sukari bila kusema "nina hoja", alikalia kiti cha enzi cha mbao kilichopakwa rangi ya dhahabu. Fundi wa taa za jukwaani alikuwa na stuli. Mkutubi wa shule ya sekondari, ambaye ndiye katibu, alikalia kiti cha hospitali. Daktari wa meno alikuwa na kiti cha kuzunguka ambacho kilikuwa kimegoma kuzunguka tangu siku nyingi. Na kando yake palikuwa na kiti cha kushonea, kifupi, kisicho na mikono, chenye mto mwekundu. Hicho kilikuwa cha mkewe.

Mkewe alikuwa amekufa, na bado alihudhuria.

Waliokuwa naye walimwita Mama Pazia, kwa kuwa pazia kubwa la jukwaa alilishona mwenyewe, kwa mkono wake wa kushoto, wakati jumba lilikuwa bado bohari la magunia na watu wakimwambia amerukwa na akili. Akili alikuwa nazo. Alikuwa mbishi tu, tena mwenye ulimi, na alipougua aliondoka haraka kabla watu hawajaizoea habari kwamba anaumwa.

Hapa inabidi kueleza mtindo wa watu wa jukwaani, la sivyo msomaji ataiona bodi nzima kuwa ya vichaa. Kwenye mazoezi, mwigizaji asipofika, kazi haisimami. Mwingine anasimama mahali pake na kusema maneno yake, ili wenzake wapate wa kujibizana naye. Wao wanaita kumshikia. Bodi ilianzishwa na waigizaji, nayo ikarithi mtindo huohuo: mjumbe asipofika, mwenzake anahamia kwenye kiti chake, anasema kile ambacho yule angesema, anapiga kura yake, halafu anarudi kwenye kiti chake mwenyewe. Hoja alikiri kwamba hakuna mahakama ingeukubali mtindo huo hata kwa dakika moja. Lakini ulikuwa na uzuri wake, kwa sababu ukishakalia kiti cha mtu unalazimika kumfikiria kwa haki.

Kikao cha kwanza baada ya mazishi kilikuwa cha paa. Mvua ilikuwa inalinyeshea pazia, uamuzi ulitakiwa siku ileile, na katiba ilitaka wajumbe watano. Walikuwa wanne. Hoja akakohoa.

"Kikatiba mjumbe anatoka kwenye bodi kwa kujiuzulu, kwa kinywa chake, mbele yetu," alisema. "Yeye hajajiuzulu. Nina hoja ashikiwe."

Hakuna aliyeliona lile kuwa kosa. Waliliona kuwa heshima. Mkutubi, aliyekuwa rafiki wa marehemu, akahamia kwenye mto mwekundu, akavuta pumzi, akawatazama mmoja mmoja. "Mnajadili paa," alisema, "au mnajadili kujadili?" Alikuwa ni Mama Pazia mtupu. Walicheka mpaka Fundi akashika mbavu, na Daktari naye alicheka, kisha akalia wazi mbele za watu wala hakuona haya. Paa likapitishwa kwa kauli moja.

Wangekomea hapo, ingebaki kuwa hadithi nzuri ya kusimulia. Hawakukomea. Kila kikao Mama Pazia alishikiwa, na polepole Mkutubi akaacha kuigiza. Kwanza ulikuwa mkono: akiwa kwenye kiti kile alichukua kikombe kwa kushoto, na yeye ni wa kulia. Kisha siku moja, katikati ya mazungumzo ya tiketi, alimgeukia Daktari na kumtazama kifuani.

"Mgeni," alisema kwa sauti ya chini, "hilo shati umelivaa bila kulipiga pasi?"

Daktari alilitazama shati, kisha akamtazama yeye. Mgeni lilikuwa jina la ndani. Mkewe alimwita hivyo tangu siku alipokwenda kwao kujitambulisha, mama mkwe akafungua mlango na kuita ndani kwamba kuna mgeni. Halikuwahi kutamkwa nje ya chumba chao cha kulala. Hata binti yao hakulijua.

Mtu mwenye busara angeinuka na kwenda zake. Daktari alikwenda nyumbani akapiga pasi mashati yote aliyokuwa nayo. Tusidanganyane, alifurahi. Siku nyingine zote za juma alichungulia vinywa vya watu, akaziba matundu, akang'oa alichong'oa, na moyo wake ulikuwa umeshatangulia Jumamosi. Jumamosi ikifika alikaa kwenye kiti chake kibovu, akisugua goti lake linalouma, na kando yake mkewe alimsimanga kwa mambo madogomadogo, naye alijiona mtu tajiri. Mambo yalikwenda hivyo karibu miaka miwili.

Aliyelipa gharama ni Mkutubi. Kule shuleni alianza kupanga vitabu kwa rangi, kama vitambaa. Mumewe alilalamika kwamba anaamka usiku kutafuta uzi, na kwamba asubuhi moja aliwatazama wanawe mezani na kuwauliza kwa adabu wamekuja kumwona nani. Siku hiyo ndipo alipomvuta Daktari kando, nyuma ya pazia.

"Nikikaa pale, mimi sipo," alimwambia. "Mwanzoni nilikuwa narudi nikisimama tu. Siku hizi narudi nikifika getini. Juzi nilirudi nikiwa nimeshapanda ngazi za nyumba yenu, Daktari. Nilikuwa na mkono kwenye kitasa."

Daktari alimpa pole. Alimwambia apumzike, anywe maji mengi. Hakumwambia aache, na hilo lilimkaa rohoni kama mwiba, maana alijua vizuri kwa nini hakusema.

Ndiyo sababu Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi hakushangaa kumkuta Mkutubi kwenye kiti chake cha hospitali, kalamu mkononi, amenyooka kama mwanafunzi anayeogopa kuitwa ubaoni.

"Simshikii tena," alisema kabla kikao hakijafunguliwa. "Mume wangu amekataa, na mimi nimekataa."

"Haki yako," alisema Hoja. "Ila tuna tatizo la akidi. Wanne hatuwezi kuamua kitu. Mjumbe mpya hatuwezi kumwingiza, kwa sababu kiti hakijaachwa wazi na mwenyewe. Anatakiwa kujiuzulu, na ili ajiuzulu..."

"Ashikiwe," alimalizia Fundi, akainamia chai yake.

Hapo ndipo mlango wa ukumbi ulipofunguka, na binti yake Daktari akapanda jukwaani kwa ngazi za pembeni. Alikuwa mtu mzima sasa, mtaalamu wa maabara, mwenye kidevu cha mama yake na haraka za mama yake. Daktari alimtazama Hoja, na Hoja akatazama dari.

"Nimempigia simu mimi, nikamweleza yote," alikiri. "Nilidhani kwa mtu wa damu ingekuwa rahisi zaidi. Akae mara moja tu, amalize suala."

"Hakai," alisema Daktari.

"Baba."

"Nimesema hukai hapo, mwanangu. Twende nyumbani."

"Wewe umemsikia miaka miwili," alisema binti, bila ukali, na heri angekuwa na ukali. "Kila Jumamosi ulikuwa unarudi nyumbani unaimba. Nilidhani umepata mchumba, nikakuombea heri. Kumbe ulikuwa unakuja kwa mama, hukuniambia. Mimi sina haki ya kumsikia hata mara moja?"

Alisema kweli. Daktari alikuwa amemficha mkewe. Aliogopa kwamba wakiwa wawili wa kumgawana, fungu lake litapungua. Lakini aliona pia jinsi Mkutubi alivyokuwa ameishika meza kwa mikono miwili, na mawazoni akamwona binti yake akiamka usiku kutafuta uzi, akifika siku moja mlangoni pake na kumwita Mgeni. Angeweza kumkosa mkewe mara ya pili na bado akaishi. Mtoto huyu akigeuka kuwa kiti cha mtu mwingine, yeye hana pa kwenda.

Binti alikuwa ameshaanza kuuzunguka mto mwekundu. Daktari akainuka na kukaa kabla yake.

"Namshikia mimi," alisema. "Neno moja tu, najiuzulu, halafu tunafunga kazi."

"Mume kumshikia mke," alinong'ona Hoja, "katiba haikatazi."

Kiti kilikuwa kifupi mno kwa miguu yake. Kilikuwa na joto. Daktari alilitambua joto hilo, na mara akajua kwamba kwenye kiti kile kulikuwa na mtu tayari, na kwamba mtu huyo amekwisha kusogea kidogo ili kumpa nafasi, kama alivyokuwa akisogea kitandani. Akafumbua kinywa kulisema lile neno.

Chai ilikuwa imepoa.

Hilo ndilo jambo la kwanza aliloliona, utando juu ya kikombe chake. La pili lilikuwa koo, lililomkauka kama la mtu aliyezungumza muda mrefu. Balbu moja ya jukwaani ilikuwa imezimwa na hakukumbuka nani aliizima. Hoja alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake cha enzi, amekishika kama ngao. Fundi alikuwa anajifuta macho kwa kitambaa cha kufutia taa. Na kwenye kiti kibovu cha kuzunguka, kiti chake Daktari, alikuwa amekaa binti yake, mabega yameshuka, mkono mmoja anasugua goti lisilomuuma.

"Mwanangu," aliita. Sauti ilitoka, na ilikuwa yake.

Binti alipepesa macho. Alitazama goti lake, akatazama mkono wake, akauondoa. Kisha wote wawili wakaulizana kwa pamoja, neno kwa neno.

"Amesema nini?"

Daktari akamshika binti mikono, akaiona ni ya baridi, lakini ilikuwa mikono ya binti mwenyewe, naye alimtazama baba yake kwa macho yake mwenyewe.

"Fundi," alisema Daktari. "Niambie wewe."

Fundi alikunja kitambaa chake kwa uangalifu, kikawa kidogo kabisa.

"Hakutaka kujiuzulu," alisema. "Ulipofungua kinywa alikuwa ni yeye, mzima, siyo kama kwa Mkutubi. Alisema haendi popote. Akamtazama binti, akapapasa mto, akamwambia, njoo ukae wewe mama, baba yako mzito, ananibana. Kwa upole kabisa. Na binti akaanza kwenda, Daktari. Mimi nilitaka kumzuia, nikabaki nimeishika stuli yangu."

"Halafu?"

"Halafu Mama Pazia akageuka upande huu, akaona kiti chako hakina mtu. Uso ukambadilika. Akauliza, yuko wapi mgeni wangu? Sisi hatukujua anamuuliza nani. Nadhani binti alielewa, kwa jinsi mama yake alivyokitazama kile kiti. Akasimama, akakaa kwenye kiti chako. Hakuambiwa na mtu. Alimwacha mama yake amenyoosha mkono, akaenda kukushikia wewe."

Binti alitikisa kichwa polepole. "Nakumbuka kukaa," alisema. "Nilitaka asije akaniomba tena, maana angeniomba tena ningekwenda. Baada ya hapo sikumbuki."

"Mkaongea," alisema Fundi. "Muda mrefu. Mengine mlinong'onezana, na sisi tulizima taa moja, tuliona si adabu. Mwishoni akakuuliza kama unaweza kukaa bila yeye. Ukasema, kwa kinywa cha binti, kwamba unaweza. Akauliza una hakika? Ukasema una hakika. Akakutazama, akasema, mwongo ni yuleyule. Akacheka, Daktari. Alicheka kile kicheko chake cha kuinamia mbele, mpaka tukacheka na sisi. Halafu akamgeukia Mwenyekiti akasema, najiuzulu, andikeni."

Mkutubi alikuwa hajaandika kitu. Alikuwa ameweka kalamu chini, upande wa kulia wa daftari, na alikuwa anaitazama kama kitu alichorudishiwa.

Daktari alishusha mkono na kuugusa mto mwekundu. Ulikuwa baridi, kama viti vyote vya ukumbi ule. Binti yake alimwegemea begani, akaanza kulia kwa sauti ya chini. Alikuwa amekuja kumsikia mama yake, na hakumsikia, wala hakuna siku nyingine. Daktari alimpapasa kichwa. Alijaribu kukumbuka neno moja, hata nusu ya neno, hata kimoja kati ya vile vilivyonong'onwa. Hakuna kilichokuja.

Mashavu tu ndiyo yalikuwa yakimuuma, kama ya mtu aliyetoka kucheka sana.